Mzee akitaka paka: Tanga tuulizane chanjo, Uingereza waulizane mrithi

Ukifikisha miaka 70 hapa Uingereza ukataka paka kutoka kituo cha wanyama, jiandae kwa swali hili: ukilazwa, au ukitangulia mbele ya haki, nani atabaki naye? Kwetu Tanga swali hilo husikika kama uchuro. Nyumba ya Ngamiani au Makorora haikosi mjukuu, mpangaji au jirani wa kumrushia paka kichwa cha kibua. Hapo Tanga imewashinda. Huku wazee wengi wanaishi peke yao, ndiyo maana kuna shirika kama Cinnamon Trust, lililoanzishwa mwaka 1985: watu wake wa kujitolea hutunza wanyama wa wazee waliolazwa, na mwenye mnyama akifariki humchukua moja kwa moja ikiwa walipatana mapema.

Lakini paka wa watu wote hulishwa na wengi, wala hapelekwi chanjo na yeyote. Hilo ndilo linaloniuma kwa upande wetu. England, tangu Juni 10, 2024, sheria inataka paka wa kufugwa awekwe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla hajatimiza wiki 20. Yaani ana mwenyewe anayejulikana. Mzee wa Tanga anayetaka paka naye akubali kuwa mwenyewe: ampeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, na afungwe kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba huchukua wiki tisa hivi. Ukisubiri mwaka, utakuwa na paka wanne au watano usiowaweza, nao huishia kutupwa sokoni.

Paka wa ndani huishi miaka 12 hadi 18, wengine hupita 20. Kwa hiyo, mzee asichukue kitoto cha paka. Achukue wa miaka saba, minane, ambaye tabia yake imeshajulikana. Kitoto hukimbilia miguuni mtu anapotembea, na kuvunjika nyonga uzeeni si jambo dogo. Hata ukiwa na paka mkubwa, acha taa ndogo ikiwaka ukumbini usiku.

Chakula ndipo tunapokosea zaidi. Ugali uliochovywa kwenye mchuzi haumtoshi. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hukipata kwenye nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Na mchuzi wetu wa nazi una vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu yake. Mchemshie samaki pembeni, bila chumvi wala kiungo, mtoe miiba. Usimzoeze samaki wabichi, maana baadhi yao huharibu vitamini B1 mwilini mwake.

Dawa za binadamu zikae mbali. Nusu kidonge cha panadoli chaweza kumuua, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso huvimba. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini humtia degedege. Sumu ya panya nayo ni hatari kwake: ukishaamua kufuga paka, usiitege tena nyumbani.

Choo ni rahisi zaidi Tanga. Huku mzee hubeba mifuko mizito ya mchanga wa dukani. Kwetu beseni pana lenye ukingo mfupi linatosha, na maranda ya seremala au mchanga mkavu wa kina cha vidole vitatu. Ondoa kinyesi kila siku: vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kuwamo humo huanza kuambukiza baada ya siku moja hadi tano, kwa hiyo ukiwahi, umejikinga. Dume akiingia beseni mara kwa mara bila kutoa mkojo, njia imeziba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Paka mzee anayekunywa maji mengi huku anakonda, figo zake zipimwe.

Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile, hata kama ni paka wako mwenyewe.

Wenye kisukari waliokufa ganzi miguuni wafikirie mara mbili, maana mkwaruzo usiosikika hugeuka kidonda. Kama bado wanamtaka, wachague mtulivu, wamkate ncha za kucha kila wiki mbili au tatu, na kila usiku wakague nyayo, au mjukuu awakagulie.