Mwacheni Msanii Aongee

Wiki iliyopita nilihudhuria mazungumzo na msanii katika jumba moja la sanaa hapa Nairobi. Silitaji, wenyewe wanajijua. Mchoraji ni mzee wa watu, rangi imemganda kwenye kucha, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Akaulizwa maswali marefu kuhusu "dhana" na "nafasi", naye akajibu kwa mkato, kama mtu anayehojiwa na polisi. Mara dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Mzee, samahani, huyu mbuzi mbona ni wa kijani?"

Loo! Mzee akasimama. Kumbe mbuzi huyo alikuwa wa mahari ya dadake, akaibwa usiku. Ndiyo maana amempaka kijani, ili safari hii wezi wakija wasimwone majanini. Ukumbi mzima kicheko. Ndipo mwongozaji, kwa tabasamu la mapokezi ya hoteli, akamkatiza: tafadhali turudi kwenye Kiingereza, tuna wageni. Wageni wenyewe walikuwa ule mstari wa mbele. Sisi wengine, nadhani, tulikuwa samani. Mzee akaketi, na mbuzi hatukujua kama alipatikana.

Sasa niambieni, jumba la sanaa ya kisasa linaishinda nini makumbusho ya kawaida? Turkana Boy, yule binadamu wa kale aliyebaki mifupa pale makumbusho ya Museum Hill, hawezi kuulizwa kitu. Huyu wetu yu hai, amekaa mbele yetu, amepewa kipaza sauti, halafu tunamziba mdomo! Na wasanii wetu wengi wakubwa hawakupitia darasa la sanaa. Edward Tingatinga, mchoraji wa Tanzania, alianza na hadibodi na rangi za mafuta. Jak Katarikawe, aliyefariki hapahapa Nairobi 2018, alikuwa dereva kabla ya kuwa mchoraji. Watu kama hao ukiwalazimisha kujieleza kwa lugha ya ripoti za wafadhili, unabaki na nusu ya kazi yao, tena ile nusu isiyo na chumvi.

Ajabu ni kwamba Kiswahili tunakipenda kikiwa jina la maonyesho. "Mwili, Akili na Roho", yale ya wachoraji wa Afrika Mashariki yaliyoandamana na kazi za Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, yalionekana Munich 2020 na London 2021 kwa jina hilohilo. Waingereza walilisoma wakaendelea na maisha yao. Katiba ya 2010 nayo imekipa Kiswahili vyeo viwili, lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwenye majumba yetu ya sanaa hakijapewa hata kiti cha plastiki.

Maandishi ya ukutani, yale ya kueleza picha, sitaki kuyagusa leo. Hata wenye Kiingereza chao huyapita wakikuna kichwa. Na hizi shughuli za jioni katikati ya wiki, zinazoisha wakati matatu zimeshapandisha nauli, nazo ni kesi ya siku nyingine.

Najua nitaambiwa wageni ndio wanaonunua. Haya, ni kweli, na mzee ana karo za kulipa. Nitaambiwa pia Kiswahili si lugha ya mama ya kila mtu, na yeye mwenyewe kwao ni Ukambani. Sawa, basi angepewa Kikamba! Tungetafsiriwa sote, sisi na mstari wa mbele, kwa usawa.

Maana kutafsiri tunajua, wala hakuhitaji vile vifaa vya masikioni vya Umoja wa Mataifa kule Gigiri. Nendeni kanisa lolote mtaani siku akija mhubiri mgeni. Mkalimani husimama kando yake, sentensi kwa sentensi, jasho linamtoka, mikono inarushwa huku na huku, na mara nyingi yeye ndiye anayehubiri vizuri zaidi.