Mjomba, Wewe Hujaielewa

Nimefikisha umri wa miaka 46, nina mke, watoto watatu na deni la kikoba, na katika muda wote huo sikuwahi kuambiwa kwamba sina haki ya kutoa maoni juu ya katuni. Haki hiyo nilinyang'anywa mwezi uliopita na mpwa wangu, kijana wa mwaka wa pili chuoni, aliyeniletea flashi yenye mfululizo wa Kijapani uitwao Neon Genesis Evangelion na kunisihi niutazame ili tupate la kuzungumza. Nilimshukuru sana. Laiti ningalijua kwamba katika mambo ya mfululizo huo watu hawazungumzi bali hushtakiana, ningalimrudishia flashi yake pale pale mlangoni.

Kazi yenyewe ina vipindi 26, ilioneshwa na kituo cha TV Tokyo kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, na mwongozaji wake ni Hideaki Anno. Hadithi imewekwa mwaka 2015, ambao kwao waandishi ulikuwa mbali sana na kwangu ni mwaka niliobadilishia bati za jikoni. Mtoto wa miaka 14 aitwaye Shinji Ikari anaitwa na baba yake, ambaye hawajaonana kwa miaka mitatu. Hapokewi kwa chai wala kwa pole ya safari. Anapelekwa chini ya ardhi, anaoneshwa roboti refu kama ghorofa, na baba yake, akiwa amesimama juu kwenye roshani, anamwambia apande akapigane na kiumbe kinachobomoa mji, leo hii, bila mafunzo yoyote.

Shinji anasita, na kusita huko ndiko kulikowagawa watazamaji wa dunia nzima. Kundi moja linasema kwamba yeye ni mwoga na mlialia, na kwamba shujaa wa roboti hapaswi kuinamisha kichwa kila anapoulizwa swali. Kundi jingine linasema kwamba huyo ni mtoto aliyeumizwa, na kwamba Anno, ambaye mwenyewe ameeleza jinsi alivyopitia miaka minne ya kuvunjika moyo kabla ya kazi hii, aliuweka unyonge huo kwa makusudi. Mimi nilitoa maoni yangu kwa unyenyekevu. Nilisema kwamba siku niliyoanza kazi ya stoo nilikabidhiwa funguo na daftari la mizigo, nikaambiwa gari la kwanza linaingia saa mbili asubuhi, nami nikaenda chooni kujifungia kwa dakika kumi na tano, na hapo hapakuwa na mnyama wa kubomoa mji bali magunia ya sukari tu. Kwa hiyo namwelewa kijana. Mpwa wangu alinitazama kwa huruma akasema, "Mjomba, wewe hujaielewa. Halafu lile si roboti."

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo sikubali kufundishwa na mtu yeyote, nalo ni umeme. Dubwana la Shinji linatembea likiburuta waya mnene uliochomekwa mgongoni, na waya huo ukikatika linabakiwa na umeme wa akiba wa dakika tano, huku saa ikihesabu kurudi nyuma kwenye kioo na wakubwa wa makao makuu wakipiga kelele. Nimesoma watazamaji wakijadili maana ya waya huo, kwamba ni kitovu cha mtoto na mama, na kwamba unawakilisha utegemezi wa binadamu. Huenda. Lakini mtu aliyewahi kuona taa nyekundu ya luku ikiwaka saa nne usiku, nyama ikiwa haijaiva na salio la simu halitoshi kununua hata uniti mbili, hahitaji kuelezwa maana ya hofu hiyo. Katika nyumba yangu zile dakika tano hutazamwa kwa ukimya ambao hata mechi ya fainali haijawahi kuupata, na mke wangu, ambaye hajui jina la mhusika hata mmoja, husimama mlangoni na mwiko mkononi akiuliza zimebaki ngapi.

(Na kwa kuwa tumefika kwenye mambo ya nyumba, naomba niseme kwamba mwanamke anayemlea Shinji, kamanda Misato, anafuga ngwini, na ngwini huyo anamiliki jokofu lake peke yake. Sisi tuko sita na tunatumia moja, ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba. Sijaona mtazamaji hata mmoja aliyeandika juu ya dhuluma hiyo.)

Ugomvi mwingine ulizuka kwa sababu ya jina la maadui. Maandishi ya tafsiri yanawaita Malaika, na mama yangu mzazi, ambaye huketi nasi sebuleni baada ya sala ya Isha, alitaka kujua ni malaika gani anayepigwa makombora. Nilijaribu kumweleza kwamba neno la Kijapani lina maana ya mitume, nikagundua katikati ya sentensi kwamba nazidi kujichimbia. Watazamaji wenye elimu wameandika kurasa nyingi kuhusu misalaba inayolipuka angani katika mfululizo huu, hali Kazuya Tsurumaki, msaidizi wa Anno katika uongozaji, alikwisha kusema wazi kwamba alama hizo za Kikristo ziliwekwa ili kazi yao ionekane tofauti na maroboti mengine, na kwamba hazikubeba maana ya dini. Nilipomsomea mpwa wangu maneno hayo nikidhani nimeshinda, alijibu kwamba muumba wa kazi si lazima awe ameielewa kazi yake. Sasa kama Tsurumaki naye hajaielewa, mimi wa stoo nitatokea wapi?

Zipo pia sehemu ambazo hakuna kinachotokea kabisa. Katika kipindi cha 22 wasichana wawili, Rei na Asuka, wanasimama ndani ya lifti kwa karibu dakika nzima bila neno wala kujongea, isipokuwa kupepesa jicho. Nilichomoa flashi, nikaipangusa kwa shati, nikaichomeka tena, nikarudisha nyuma, na wasichana wakanifanyia vile vile. Katika kipindi cha 24 picha inaganda tena kwa muda mrefu zaidi huku muziki wa Beethoven ukiendelea, na safari hii nilimpigia mpwa wangu kumlaumu kwa kuniletea kitu kibovu. Aliniambia kwamba kuganda kule ndiko kunakosifiwa, kwamba mtazamaji anapaswa kuteseka pamoja na Shinji. Niliteseka, sikatai, ila mateso yangu yalihusu flashi.

Kisha ukafika mwisho. Vipindi vya 25 na 26 vinaiacha vita, vinaliacha dubwana, vinaingia ndani ya kichwa cha kijana na kukaa humo, viti vitupu na michoro ya penseli ikipita, hadi wahusika wote wanamzunguka wakimpigia makofi na kumpa hongera mmoja baada ya mwingine. Nilidhani nimebadilisha chaneli na kuangukia mahafali ya chekechea. Hapo ninakiri kwamba nilijiunga na kundi la wenye hasira, kwa kuwa nilinunua umeme wa vipindi 26 nikitaka kujua kama dunia imepona au haikupona, na jibu nililopewa ni hongera. Wajapani wa mwaka 1996 walikasirika kuliko mimi, na walipoletewa filamu ya mwisho mwingine mwaka 1997, barua zao, zikiwemo za chuki, zilipitishwa kwa kasi mbele ya macho yao ndani ya filamu hiyo hiyo. Hilo nililipenda. Mteja kurudishiwa malalamiko yake akiwa amekwisha kulipa kiingilio ni ufundi ambao hata wauza viatu wa mtumba hawajaufikia.

Nilipomaliza kulalamika, mpwa wangu alisema kwamba ili nielewe inanipasa kutazama filamu hiyo, na baada yake zile nne zilizotolewa kati ya mwaka 2007 na 2021, halafu nirudi mwanzo. Nimekopa kwenye kikoba kwa miaka mingi, ninalijua deni ambalo kila ukilipa marejesho unaoneshwa marejesho mengine.

Juzi alikuja mwenyewe ili turudi mwanzo pamoja. Nilimwambia kwamba roboti lile nimekwisha kuliona, naye akanisahihisha kwa mara ya ishirini. Mama alikuwa pembeni akichagua mchele kwenye ungo. Tulifika mahali katika kipindi cha kwanza ambapo dari inatikisika, mataa makubwa yanaporomoka juu ya Shinji, na dubwana ambalo halina mtu ndani wala umeme linanyanyua mkono wake na kumkinga, na mafundi wote wanapigwa na butwaa.

"Huyo ni mama yake," Mama alisema, akitupa chuya.

Mpwa wangu alisimamisha picha. Siri hiyo mfululizo huifichua kidogo kidogo, na wengi huipata wakiwa wamekaribia kabisa mwisho. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, nani amekuambia?"

"Si amemkinga mtoto? Endelea, nataka nione kama watampa chakula."

Kijana aliduwaa kwa muda, kisha akanigeukia. "Mjomba, na wewe ulijua?"

Nilikohoa, nikasema kwamba mimi nililihisi jambo hilo tangu siku ya kwanza.

"Hakujua," alisema Mama. "Tangu magharibi anamwita roboti."