Kabla ya kuwasha kompyuta, hesabu dakika za muuguzi

Kituo cha afya kinapohama kutoka madaftari ya MTUHA, yale ya serikali ya Tanzania ya kuandikia taarifa za huduma za afya, kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, uwe GoTHOMIS wa serikali au mwingine, vikao huanza na vifaa: kompyuta ngapi, nyaya, betri, intaneti. Vyote vinahitajika. Ila mimi naanzia mezani kwa muuguzi wa zamu. Ana wagonjwa arobaini kwenye benchi, daftari liko kushoto, kibodi iko kulia, na hakuna aliyemwambia aache kipi.

Tuchukue OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, inayoona wagonjwa 120 kwa siku. Kipindi cha mpito kila mgonjwa anaandikwa mara mbili, kwenye Kitabu namba 5, ambacho ni daftari la MTUHA la idara hiyo, kisha kwenye mfumo. Tuseme kule kuandika mara ya pili kunakula dakika 2 tu, ingawa asiyezoea kibodi atachukua zaidi. Hizo ni dakika 240, yaani saa 4 za kazi ambazo jana hazikuwapo. Wagawie matabibu watatu: kila mmoja ameongezewa saa 1 na dakika 20. Muda huo lazima utoke mahali. Utakatwa kwenye muda wa mgonjwa, kwenye chakula cha mchana au kwenye usahihi wa taarifa, na mara nyingi unakatwa kote kutatu. Halafu ripoti inaandika kwamba watumishi wanapinga mabadiliko. Sentensi hiyo inaniuma, kwa sababu mtu aliyeelemewa anahesabiwa kuwa mkaidi.

Kulijua hili mapema si kazi ngumu. Mfuate mgonjwa mmoja kutoka mapokezi hadi dirisha la dawa, ukiwa na saa na karatasi, na uweke alama kila jina lake linapoandikwa: kadi, daftari la mapokezi, daftari la daktari, maabara, risiti, dawa. Fanya hivyo Jumatatu asubuhi foleni ikiwa imefika nje, na urudie saa 4 usiku kukiwa na muuguzi mmoja tu. Ofisa TEHAMA asiende peke yake. Aongozane na muuguzi wa kituo hichohicho, maana yeye ndiye anayejua kwa nini mambo yanafanywa vile. Kisha, kwa kila kitu kipya mtakachomtaka mtumishi ajaze, semeni ni kipi cha zamani kinaondoka. Kama hakuna kinachoondoka, hamjawa tayari kuanza.

Madaftari nayo yapangiwe siku ya kufungwa tangu mwanzo. Mganga mfawidhi hawezi kuamua hilo peke yake, kwa hiyo timu ya afya ya wilaya ikubali kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: idara moja kwa wakati mmoja, na kila Ijumaa linganisha jumla ya daftari na jumla ya mfumo. Zikilingana Ijumaa mbili mfululizo, daftari la idara hiyo linafungwa. Zisipolingana, tafuteni kosa pamoja, wala msimsake mkosaji. Mtumishi anayejua mzigo wa kuandika mara mbili unakwisha lini ataubeba. Asiyejua atachagua kimoja, na atachagua daftari.

Mafunzo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Wanaitwa wawili, mfawidhi na mtu wa takwimu, wanakaa semina siku tatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayesajili wagonjwa. Kielelezo cha ADKAR, kilichobuniwa na Jeff Hiatt wa Marekani, kinayapanga mabadiliko ya mtu katika hatua tano: kutambua, kutaka, kujua, kuweza, kudumisha. Semina huishia kwenye kujua. Kuweza kunatoka vidoleni. Watu 2 kwa kompyuta moja, wasizidi, saa 2 kwa siku, siku 4, wakitumia wagonjwa wa kubuni. Siku ya kwanza kabisa wafundishwe kusahihisha kosa, kwa sababu hofu kubwa ni kubonyeza kitu kisichorudi nyuma. Wa zamu ya usiku wapangiwe siku zao. Wasiitwe wakitoka kazini na usingizi.

Tena wajifunzie ndani, mlango ukiwa umefungwa. Mfikirie mkunga wa miaka 54 aliyezalisha nusu ya mtaa, anatafuta herufi Q kwa kidole kimoja huku kina mama wanamtazama na kijana wa mazoezi anamsahihisha kwa sauti. Akirudi kwenye daftari lake nitamlaumu nani? Hata msaidizi wa kila zamu achaguliwe kwa hilo: awe mtu ambaye wenzake hawaoni haya kumuuliza, hata kama si mwepesi kuliko wote wa kuchapa.

Jambo la nywila lisipuuzwe. Akaunti ya mtumishi mpya ikichelewa, nywila ya mmoja inabandikwa kwenye skrini na wote wanaitumia. Dawa zikipungua, jina linalosomeka ni la mtu aliyekuwa likizo. Kila mtu awe na akaunti yake siku anayoripoti.

Watu wa masijala wanajiuliza kama kazi zao zipo. Wajibiwe mapema na kwa ukweli. Kwa hospitali binafsi, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa na kushauriana nao kabla. Kukaa kimya hadi siku ya barua ni kuvunja sheria na kuvunja watu.

Siku ya kuwasha mfumo, anzeni Jumatano, Jumatatu ina wagonjwa wengi. Fomu za karatasi za umeme ukikatika ziwe mezani, na ijulikane nani ataziingiza baadaye. Kila asubuhi kaeni dakika 15 na daftari la kero lenye safu tatu: kero, nani anaishughulikia, imejibiwa lini. Likianza kubaki tupu wiki ya pili, msishangilie kwanza. Fungueni kurasa za wiki ya kwanza muone kama ile safu ya tatu imejazwa.