Kodi ya awamu na msimu wa Pwani

Nchini Kenya, mfanyabiashara ambaye kodi yake ya mwaka inazidi Sh40,000, mbali na ile inayokatwa kwenye mshahara, hangoji mwaka uishe. Hulipa robo robo: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Hutumia makadirio ya mwaka huu au asilimia 110 ya kodi ya mwaka jana, na salio humaliziwa kufikia Aprili 30 mwaka unaofuata.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mwalimu hukatwa kodi kila mwezi kabla mshahara haujamfikia. Kwa haki gani mwenye hoteli akae na kodi ya Januari kwa miezi kumi na sita? Tena deni kubwa la mara moja huweza kuangusha biashara.

Lakini zitazame tarehe hizo ukiwa Watamu au Diani, miji ya watalii ya Pwani. Aprili masika yameingia. Mei baadhi ya hoteli hufunga, vibarua wakarudi makwao. Kufikia Juni 20, nusu ya kodi ya mwaka inadaiwa. Ni kweli, Januari hadi Machi wageni huwapo, na mwenye nidhamu angeweka akiba. Ila akiba hiyo ndiyo inayolipa stima, mishahara ya waliobaki na kuezeka makuti upya. Akichelewa, kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Sheria yenyewe inatambua msimu: mkulima hulipa asilimia 75 Septemba na 25 Desemba. Kampuni nayo ina nafasi. Mwaka wake wa hesabu ukianza Julai, awamu huangukia Oktoba, Desemba, Machi na Juni, miezi mitatu kati ya hiyo ikiwa ya wageni. Mtu binafsi amefungwa na Januari hadi Desemba. Hili ndilo linaloniuma: mwenye kampuni ana mlango wa kupitia, mwenye nyumba ya wageni iliyosajiliwa kwa jina lake hana.

Sioni haja ya kufuta tarehe. Kinachofaa kubadilika ni mgao sawa. Biashara ya msimu iruhusiwe kulipa kidogo Juni na kufidia Septemba, baada ya mapato ya Julai na Agosti. Serikali itasubiri miezi mitatu tu, na ushahidi wa msimu umo katika vitabu vya mauzo ambavyo KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ina mamlaka ya kuvikagua.