Picha ya Dickens: imerudi nyumbani, au imepata nyumba?

Kila ninapoisimulia habari hii, kuna anayekasirika, na hasira yake naielewa. Mwaka 2017, kwenye mnada wa kawaida mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, sanduku la vikorokoro liliuzwa kwa fedha zisizozidi pauni 27 za Uingereza. Ndani yake mlikuwa na kambakochi wa chuma, filimbi kuukuu, na kijipicha cha kuchorwa kilichoota kuvu ya manjano, chenye uso wa Charles Dickens, mwandishi wa Kiingereza. Miaka miwili baadaye kijipicha hicho peke yake kilinunuliwa kwa pauni 180,000 na Makumbusho ya Charles Dickens ya London, na wapenzi wa mwandishi huyo wakashangilia kwamba amerudi nyumbani.

Wanaolaumu wana hoja mbili. Kwanza, hakurudi popote. Dickens aliihama nyumba ya 48 Doughty Street, ambayo leo ndiyo makumbusho, mwaka 1839. Margaret Gillies alimchora mwishoni mwa 1843, Dickens akiwa na miaka 31, anaandika hadithi yake A Christmas Carol na anaishi kwingine kabisa, Devonshire Terrace. Kwa hiyo alipokuwa akiishi Doughty Street, picha hii ilikuwa haijachorwa. Hoja hii ni ya kweli, na neno "kurudi" halikustahili kutumika.

Ya pili ndiyo inayouma: Afrika imeambulia pauni 27, London imepata hazina. Gawanya 180,000 kwa 27, unapata zaidi ya mara 6,600. Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, na kila mara naona kwamba bei hizi mbili si za kitu kimoja. Pauni 27 zilinunua sanduku. Aliyeuza hakumuuza Dickens, maana hakujua kwamba yumo. Aliyenunua ndiye aliyeshuku uso ule na kuwatafuta wataalamu wa London, kwenye duka la picha za kale la Philip Mould. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kuvu iliondolewa. Uso ukalinganishwa na nakala iliyochapishwa kitabuni mwaka 1844. Kisha ikafuatiliwa njia: binti wa kulea wa Gillies aliolewa katika ukoo wa Lewes, na mashemeji zake wawili walihamia Natal, eneo la Afrika Kusini ulipo mji wa Pietermaritzburg, miaka ya 1860. Hiyo ndiyo njia inayoaminiwa zaidi. Sehemu kubwa ya zile mara 6,600 ni malipo ya kujua, na mnadani siku ile hakuwapo aliyejua. Je, muuzaji wa kwanza alistahili kurudiwa na chochote? Moyo wangu unasema ndiyo, ingawa sheria ya mnada haisemi hivyo.

Lakini hebu tuulize: kama makumbusho isingefanya harambee ya kuinunua, picha ingekwenda wapi? Hapa ndipo ninapoona watu hawaielewi nyumba ile. Picha hii ilionyeshwa Royal Academy, chuo mashuhuri cha sanaa cha London, mwaka 1844, mbele ya macho ya London nzima. Mshairi Elizabeth Barrett aliyaona macho yale ya tai, akasema kwamba pamoja na hayo mtu yule ana vumbi na matope ya ubinadamu. Haikuwa picha ya uchochoroni. Hata hivyo mwaka 1886 Gillies mwenyewe, bibi aliyepita miaka 80, aliulizwa iko wapi, akajibu kwamba imempotea machoni. Ni mkono wake ulioichora! Mwaka uliofuata akafariki.

Ilipoteaje? Kwa sababu inaenea kiganjani. Picha kubwa ya ukutani hupotea kwa shida. Ya kiganjani huingia mfukoni, huvuka bahari ndani ya kasha la nguo, hurithiwa na mtoto anayemjua aliyechorwa, kisha na mjukuu asiyemjua, na mwisho hutupwa sandukuni pamoja na kambakochi. Tajiri angeweza kuinunua na kuitunza kwa mapenzi maisha yake yote. Mjukuu wake je? Kitu kilicho mali ya mtu binafsi kinalindwa na kumbukumbu ya familia, na kumbukumbu hiyo tumeshaona ilifika wapi. Makumbusho ina daftari, ina kibao cha maelezo, ina mtu anayelipwa kukumbuka. Kweli, rangi za maji, kama za picha hii, hufifia kwenye mwanga, kwa hiyo haiwezi kukaa wazi mbele ya wageni mwaka mzima. Lakini ikiwekwa gizani, yupo mtu anayejua ni giza gani.

Na ile nyumba ya Devonshire Terrace ambayo kweli ingestahili kuipokea? Ilibomolewa karne iliyopita. Doughty Street nayo ilikuwa ibomolewe, ikaokolewa na Dickens Fellowship, chama cha wapenzi wa Dickens, mwaka 1923. Ndimo alimoandika riwaya ya Oliver Twist, ndimo alimofia shemeji yake Mary Hogarth, msichana wa miaka 17. Ndiyo nyumba ya familia yake pekee iliyobaki London. Kijana asiye na ndevu, mwenye nywele ndefu, anayegeuka kututazama, pale anakaa na wenzake.

Ninachowadai wenye nyumba ni maelezo yaliyo kamili. Jina la Margaret Gillies lisomeke kwa herufi kubwa kama la Dickens. Iandikwe kwamba kilicho chini ya rangi ni ubapa wa pembe ya ndovu, mwembamba wa kupitisha mwanga, ndiyo maana ngozi ile inaonekana hai. Na kwamba miaka hiyohiyo pembe zilikuwa zikishuka kwenye mabega ya wapagazi kutoka bara hadi mwambao, zikivushwa Unguja kwenda Bombay, Salem na London. Na Pietermaritzburg iandikwe kama mji ulioitoa, ikiwa na kuvu yake, kabla London haijakumbuka kuitafuta.