Jina la kampuni na bamba la mashine

Kiwanda kilichodumu miaka mia kinapotangaza jina jipya, watu hubishana kuhusu nembo na rangi. Mimi huangalia kwanza bamba dogo la chuma lililopigwa ribiti ubavuni mwa mashine. Fundi hupangusa grisi kwa tambara, akasoma jina, modeli na namba, ndipo akaagiza spea. Mashine ile huenda ikadumu miaka 30 zaidi. Jina likibadilika na namba za vipuri zikabadilika nalo, ni yeye atakayehangaika, huku kazi imesimama.

Hata hivyo, wanaotetea mabadiliko wana hoja nzito. Kiwanda kilichoanza na boila kikahamia mitambo ya umeme kitaendelea kuulizwa boila, na wahandisi vijana watakipita wakidhani kimepitwa na wakati. Mara nyingine hakuna hiari kabisa. International Harvester ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha kampuni za McCormick na Deering, ilitengeneza matrekta na malori. Katikati ya miaka ya 1980, ikiwa imeelemewa na madeni, iliuza kitengo cha zana za kilimo kwa kampuni ya Tenneco, na jina zima la International Harvester likaenda na kitengo hicho. Waliobaki na malori wakajiita Navistar mwaka 1986. Wangefanyaje? Lakini malori yenyewe yaliendelea kutoka kiwandani na jina International, na mwaka 2024 kampuni ikaliacha Navistar ikarudia International. Miaka 38 ya kulitangaza jina ambalo halikuwa usoni mwa lori!

Matsushita, kampuni ya vifaa vya umeme ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1918, ilifanya vizuri zaidi: ilipojiita Panasonic mwaka 2008, ilichukua jina ambalo wanunuzi walikuwa wakilisoma kwenye bidhaa zake kwa miaka mingi.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa kampuni ya mashine ya Ingersoll Rand. Mwaka 2020 kitengo chake cha kompresa (mashine za kugandamiza hewa), pampu na zana kiliungana na kampuni ya Gardner Denver, na ni kampuni hiyo iliyoungana iliyochukua jina Ingersoll Rand. Waliobaki na mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa wakajiita Trane Technologies, kwa kuwa Trane lilikuwa jina la mitambo hiyo tangu zamani. Jina lilifuata mashine. Mwenye kompresa hakulazimika kujifunza upya amwite nani.

Kwa hiyo sipingi kampuni kubadili jina la mlangoni. Ninachopinga ni kuling'oa jina kwenye mashine ili tu lifanane na la mlangoni, kana kwamba imani ya wateja inahamishwa kwa tangazo. Kama ni lazima ling'oke, bamba jipya libebe majina yote mawili, na fundi akiandika namba ya zamani kwenye katalogi aipate spea yake, hadi mashine ya mwisho yenye jina lile itakapozimwa.