Taipureta Si Chungu cha Maua

Juzi niliingia mkahawa mmoja Kololo, hapa Kampala, ile ya kahawa ya elfu kumi na tano, nikakuta taipureta mezani imepuliziwa rangi ya dhahabu. Rangi ya kopo, jamani, ile ya kupakia mageti! Imeingia mpaka kwenye vyuma vya herufi, na pale vyuma vinapolala wamechomeka maua ya plastiki. Nikabonyeza A. Kimya. Binti mwenye mkahawa akaja mbio: "Anko, usiguse, hiyo ni pambo." Nikamwambia ninayo nyumbani. Macho yakamtoka. "Laki mbili, Anko. Leo leo."

Nililipa kahawa yangu nikaondoka, kikombe kimebaki nusu.

Ya nyumbani ni Olivetti Lettera 32 ya marehemu baba. Aliyeichora ni Marcello Nizzoli, ikaanza kuuzwa 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru wetu. Mzee alikuwa karani wa polisi, tukiishi kambini Nsambya, na jioni alipigia majirani barua: za kuomba uhamisho, za kumkumbusha shemeji deni la mbuzi. Zote kwa Kiswahili, maana Mwacholi, Mteso na Mganda wa kambini walikuwa wanaelewana humo. Q na X za mashine ile bado mpya kabisa. A imelika hadi kitufe kimebonyea kama kijiko.

Haya, nakubali ilikuwa imekufa. Na kwa sehemu niliiua mimi. Mwaka juzi nilimpa fundi wa cherehani, akaimiminia mafuta kwenye zile nyufa ambamo vyuma vya herufi vinapandia. Siku mbili ikaenda kama maji. Kisha vumbi la Kampala, mnalijua, likaungana na mafuta yakawa gundi. Ukipiga herufi inapanda, hairudi. Zile nyufa hazitaki mafuta hata tone. Zinataka kuwa safi na kavu. Basi nilichofanya, baada ya hasira za Kololo, ni kukaa nje mbali na jiko, na petroli kidogo kwenye kopo na mswaki wa zamani, nikasugua ufa mmoja mmoja. Skurubu nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na zamu yake, ili kurudisha iwe ni kuhesabu kinyumenyume. (Mpwa wangu alihamisha trei ili apate pa kuweka chapati. Nimemsamehe.)

Ugonjwa wa pili ulikuwa kigari, ile sehemu inayobeba karatasi. Hakikuvutika, kwa sababu uzi unaokiunganisha na springi ulikuwa umekatika. Uzi tu! Nasser Road, mtaa wa wachapaji, nilikouliza, mmoja alicheka, mwingine akaniuliza kama nauza. Nilipanda boda hadi Ggaba, mwaloni, nikanunua uzi wa kuvulia, ule wa kusokotwa. Muuzaji akauliza navua nini. Nikamwambia navua barua. Hakucheka.

Sasa springi hiyo inataka adabu: unazungusha ngoma yake huku umeibana kwa kidole, ikikuponyoka inafyatuka yote na kukupiga. Ilinipiga mara mbili. Nilipoizungusha mara tatu kigari kilichoka kabla ya mwisho wa mstari. Nikaongeza mzunguko mmoja, nikafunga uzi, nikapiga nafasi. Tk. Tk. Tk. Kikaenda kushoto chenyewe, na karibu na ukingo kengele ikalia. Mke wangu akatoka jikoni akidhani ni baiskeli ya maziwa.

Ndiyo maana maua yale yananiuma. Kitu kinachofunguka kwa bisibisi, ambacho ugonjwa wake unauona kwa macho na dawa yake ni uzi wa samaki, ati kazi yake kushika maua? Simu yangu ikifa nani ataifungua kwa mswaki? Rangi ya dhahabu ni kaburi lenye vigae.

Mtaniambia kompyuta inafuta makosa. Inafuta, sawa. Na utepe mpya ni shida kuupata. Nimeulowesha wa zamani kwa wino wa muhuri. Vidole vilikuwa vya zambarau Jumapili nzima, kanisani watu wananipa mkono kwa mashaka.

Jambo moja tu najuta. Mwishoni nilisafisha vichwa vya herufi kwa pini, na kwenye a ndogo likatoka donge la wino na nyuzi, gumu kama punje ya mtama. Baadaye nikachukua barua ya mwisho ya Mzee kwangu. Kila a ndani yake ni doa jeusi, tumbo limeziba. Donge lile nilikuwa nimeshalifagia.

Binti wa Kololo aliandika tena jana kwenye WhatsApp, amefika laki tatu. Nikaingiza karatasi, nikampigia jibu, nikalipiga picha nikamtumia: hapana. A zote tatu, matumbo wazi.